Herufi ya Kwanza ya Reza

Wanjugu alikuwa ameosha chupa za maabara kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote alivunja mbili. Ya kwanza ilimponyoka siku aliyoletewa habari kwamba mkwe wake amepigwa teke na ng'ombe. Ya pili ilipasuka yenyewe ndani ya maji moto, na mpaka leo hakubali kwamba ni yeye.

Maabara yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa barabara ya Njoro, na ilishughulikia magonjwa ya mifugo. Kila asubuhi Wanjugu alitoka Bondeni, mtaa wa vyumba vilivyobanana, kwa miguu, kiondo begani, akafika kabla ya saa mbili, akavaa aproni ya mpira, akachemsha maji. Alikuwa kibarua. Kibarua ni mtu anayeweza kuambiwa Ijumaa asirudi Jumatatu. Wanjugu alikuwa ameingoja Ijumaa hiyo zaidi ya mara mia tano, haikuja, na bado hakuwa ameizoea. Alichotaka duniani ni barua. Mwenye barua ya kuajiriwa kwa kudumu hana haja ya kuiogopa Ijumaa. Anapewa likizo, na akizeeka anapewa pensheni akae kwake afuge kuku.

Mwisho wa mwaka wa 1974 Daktari Joginder Singh alimtoa kwenye beseni akampeleka chumba cha taa. Daktari huyu alizaliwa hapa hapa Nakuru, kwao ni mtaa wa Section 58, akaenda kusoma ng'ambo, akarudi na miwani minene na mashine moja. Mashine ilikuwa bomba refu kama mkono wa mtu mzima, na mbele yake ilitoa mwanga mwekundu mwembamba kama uzi wa kushonea. Haikuunguza kitu, hata karatasi. Kang'ethe wa stoo aliweka kiganja chake mbele ya mwanga huo, akangoja, akageuza upande wa pili, akangoja tena.

"Hii ni taa ya kuonyesha wageni," akasema, akarudi stoo.

Lakini daktari alikuwa na shida yake na hiyo taa. Alikuwa na chupa bapa, na ndani ya kila chupa, chini kabisa, kulikuwa na seli za figo ya mwanakondoo. Seli ni vitu vidogo ambavyo jicho halivioni, vimejishika kwenye kioo kama ukoko unavyoshika chini ya sufuria. Daktari alizitia kirusi cha ndui ya kondoo. Seli zikiwa na nguvu zinaendelea kujishika. Zikishindwa zinaachilia kioo, zinaelea, basi zimekufa. Yeye alitaka kujua kama mwanga ule mpole unaweza kuzipa nguvu zile zilizokwisha kuambukizwa.

Wanjugu alipowaeleza akina mama wa kanisa kwamba siku hizi anatunza seli zenye ugonjwa, walisikitika sana. Jumapili iliyofuata wakamletea mikate minne na blanketi apeleke. Wao walijua seli moja tu, ile ya polisi.

"Si za watu," akawaambia. "Ni za kondoo."

"Sasa wanafunga mpaka kondoo," mmoja wao akasema, na wakaomba hapo hapo.

Blanketi alilirudisha. Mikate alikula na Kang'ethe, kwa sababu mkate haungoji. Hao wawili walikunywa chai pamoja kila siku saa nne, na chai yao haikupita bila kitendawili.

"Kitendawili," Wanjugu alisema.

"Tega."

"Nyumba yangu ina watu kushinda Nakuru yote, na naishika kwa mkono mmoja."

Kang'ethe akafikiri mpaka chai ikapoa. "Ni treni."

"Treni wewe unaishika kwa mkono?"

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Gilgil."

"Gilgil ulinipa jana."

"Chukua Molo, na iwe mwisho."

"Nimeenda Molo, nimekula viazi, nimerudi. Ni chupa ya seli."

Ilipofika Juni, Kang'ethe alikuwa amempa kila mji ulio kando ya reli mpaka Eldoret, na alikuwa ameanza kutoa vituo vidogo ambavyo treni haisimami.

Mwezi huo daktari aliitwa Nairobi kwenye mkutano. Kabla ya kuondoka alimwita Wanjugu, akamfungulia kabati. Ndani kulikuwa na chupa ishirini na nne, zote zimetiwa kirusi asubuhi hiyo.

"Mama Wangare, mimi nitarudi Jumamosi," akasema. Wangare ndiye kifungua mimba wa Wanjugu. "Kila asubuhi chupa kumi na mbili zipate taa, dakika mbili kila moja. Hizi zingine kumi na mbili zikae gizani, zisione taa kabisa."

"Nitazijuaje?"

"Nimeziandika. Kumi na mbili ziko na L, kumi na mbili ziko na R. Za kumulika, wewe kumbuka tu herufi ya kwanza ya jina la mashine."

"Herufi ya kwanza ya jina la mashine."

"Hutasahau?"

"Sitasahau, daktari."

Na hakusahau. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Maana mashine ile jina lake katika maabara nzima, ukimwondoa daktari, lilikuwa reza. Wanjugu aliita reza, Kang'ethe aliita reza, na mwenye kufagia aliita reza. Katika Kikuyu herufi L haina kazi. Mtu huikuta ukubwani, kwa Kiswahili na Kiingereza, na ulimi wa ukubwani hausikii sana. Ufunguo wa chumba ulikuwa na kibao cha mbao ambacho Kang'ethe alikiandika kwa msumari wa moto: RUMU YA REZA. Kwenye mashine yenyewe jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi za nchi ilikotengenezwa, nyingine zikiwa zimegeuka zikatazama nyuma, kwa hiyo hapo hapakuwa na msaada.

Kila asubuhi, kwa siku tano, Wanjugu alizifunika chupa za L kwa kitambaa cheusi, akazitoa za R moja moja, akazimulika. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa tangu Pasaka, basi alipima kwa wimbo wa kanisa, beti mbili na kiitikio, ambazo alizijua kuwa ni dakika mbili kwa sababu mchungaji hupenda kutazama saa yake zikiimbwa. Aliimba mara kumi na mbili kila siku. Siku ya nne aliona chupa za R zimeanza kuwa na vitu vyeupe vinavyoelea, kama unga uliomwagika majini.

"Ugonjwa unatoka," akamwambia Kang'ethe.

"Unatokaje na chupa imefungwa?"

"Umetoka kwa seli, umebaki kwa maji. Nitaumwaga nikiosha."

Daktari alirudi Jumamosi kama alivyosema. Akaketi na maikroskopu yake tangu asubuhi mpaka saa saba, akiinua chupa na kuandika, akiinua na kuandika. Wanjugu alingoja mlangoni na ndoo. Mwishowe daktari alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akasema, "Mama Wangare, mambo yamekuwa."

Jumatatu habari zilikuwa zimefika kwa mkubwa wa maabara, mzee mmoja ambaye kwa kawaida habari hazikumfikia. Taa inaokoa seli. Daktari ataandika, ataalikwa, huenda chumba kitaongezwa. Daktari, ambaye hakuwa mtu wa kujichukulia sifa peke yake, alimwambia mkubwa kwamba kazi yote ya siku hizo tano ilifanywa na mama mmoja kibarua aliyesoma mpaka darasa la nne, naye hakukosea hata chupa moja.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Ilikuwa na muhuri. Ilisema Wanjugu ataajiriwa kwa kudumu kuanzia Agosti, na kwamba atie sahihi na kuirudisha kwa karani kabla ya saa kumi, siku ya Ijumaa. Aliipeleka Bondeni, akaisoma, Wangare akaisoma, majirani wawili wakaisoma, kisha akaiweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu, mahali ambapo hakuna mtu angefungua.

Siku ya Jumatano alikuwa akipangusa vumbi meza ya daktari. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyopigwa taipu, na hakuwa na nia ya kuisoma. Lakini mtu aliyefunzwa kusoma na wamisheni wa kule Bahati hawezi kuona neno akalipita bila kulinyooshea kidole. Kidole kilianza chenyewe. L. A. S. E. R.

Akaliunganisha, likawa reza, ila lilianza na L. Akalitenganisha, akaliunganisha tena, pengine alikosea. Kando ya neno hilo kulikuwa na picha ya seli zilizojishika vizuri, na chini yake kuna L. Kando ya picha nyingine, ya seli zilizoachilia, kuna R.

Akaweka kitambaa chini, akaenda stoo.

"Kang'ethe, jina la ile mashine linaanza na nini?"

"Reza? Na R."

"Una hakika?"

"Ni mimi niliandika kibao."

"Na wewe ulijuaje?"

Kang'ethe akamtazama. "Nilikuuliza wewe."

Ilikuwa kweli. Alimuuliza Desemba, wakiwa hapo hapo, naye akajibu bila hata kuinua kichwa kutoka kwa chai.

Alimweleza yote. Kang'ethe alisikiliza huku akihesabu mabomba ya sindano, na hakupoteza hesabu.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi. Na sasa wewe."

"Mimi sijui kitu. Mama Wangare, sikiza. Kwanza weka sahihi. Mambo ya seli wachana nayo, hizo ni za kondoo, hazina wakili."

"Na daktari akisimama mbele ya watu aseme uongo?"

"Hatasema uongo. Atakosea. Uongo ni wa mtu anayejua, na anayejua ni wewe."

Kang'ethe alidhani anamtuliza kwa maneno hayo, kumbe amemtwisha mzigo.

Alhamisi yote Wanjugu alijaribu kusema. Asubuhi aliingia, daktari akamuuliza wajukuu wako wangapi sasa. Akasema saba, akatoka. Mchana aliingia, daktari akampa ndizi. Ilipofika saa kumi alisimama mlangoni mpaka daktari akadhani anaaga, akamwambia kwaheri. Usiku hakulala vizuri. Alijitetea mbele ya nafsi yake kwamba hakuiba, kwamba aliambiwa herufi ya kwanza akaitumia, na kwamba miaka kumi na moja ni mingi. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililomsaidia.

Ijumaa kulikuwa na baridi ile ya Julai inayoteremka kutoka mlima Menengai na kuingia mpaka ndani ya soksi. Baridi hiyo kila mwaka ilimtoa daktari malengelenge mdomoni, na mwaka huo hayakumsahau. Alipoingia chumbani, mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba upande mmoja, na juu ya ndevu zake nadhifu ulionekana kama wa mtu mwingine. Akavua miwani, akavuta kiti mbele ya mashine, akaketi, akausogeza uso.

"Daktari unafanya nini?"

"Hiki kidonda nacho ni cha kirusi," akasema. Alizungumza kwa upande mzima wa mdomo. "Kama taa inasaidia seli za kondoo, itasaidia na za Singh. Washa, mama. Dakika mbili. Imba ule wimbo wako."

Swichi ilikuwa ukutani. Wanjugu aliweka kidole juu yake. Ndani ya mfuko wa aproni alikuwa na barua, na peni aliyoazima kwa Kang'ethe. Saa nne ilikuwa haijafika. Angewasha, aimbe beti mbili, atie sahihi, na mdomo wa daktari ufanye utakavyo. Hata bila taa ungezidi kuvimba.

Akatoa kidole.

"Daktari, niko na kitendawili."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Daktari alikuwa bado ameutoa mdomo mbele. "Tega," akasema.

"Mwenye nyumba yuko na njaa, na mwizi amekwisha ingia ndani. Nimepitisha uji dirishani. Ni nani amekunywa?"

Mtu wa sayansi ukimuuliza kitu hawezi kuacha. Daktari alifikiri kwa makini.

"Mwizi," akasema.

"Nilimulika R, daktari."

Daktari hakurudisha mdomo, pengine alisahau kwamba ameutoa.

"Nilikuambia herufi ya kwanza ya jina la mashine."

"Ndiyo."

"Ni L."

"Kwako ni L. Kwetu ni R."

Akaenda kwenye koti la daktari lililotundikwa, akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea mkononi. Daktari alivaa miwani akakisoma kibao, upande mmoja, kisha upande wa pili ambao haukuwa na kitu.

"Nani aliandika hii?"

"Kang'ethe."

"Lini?"

"Desemba."

"Nimetembea nayo mfukoni tangu Desemba."

"Ndiyo, daktari."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, kama mtu anayepanga upya viti vya harusi. "Basi zilizokaa gizani ndizo zilizoishi. Na zilizopata taa ndizo zilikufa. Uji aliyekunywa ni kirusi."

"Zilitoa unga. Nilidhani ni ugonjwa unatoka."

"Hizo zilikuwa seli zenyewe."

"Sasa najua."

Daktari aliusogeza uso wake mbali na mashine, taratibu, kama mtu anayeondoka mbele ya mbwa bila kujua kama amefungwa.

"Barua umerudisha?" akauliza.

Wanjugu aliitoa mfukoni, akaiweka mezani juu ya ile karatasi ya taipu. "Sijaweka sahihi."

"Mkubwa alikubali kwa sababu ya hizo chupa."

"Najua. Ndiyo maana nimeirudisha kwako."

Daktari hakumwambia kwamba si neno, kwa maana lilikuwa neno. Aliichukua barua akaitia kwenye droo. Wanjugu akavua aproni, akaikunja mara nne, akakumbuka kwamba ilikuwa bado asubuhi, akaivaa tena.

"Jumatatu nije?" akauliza.

"Usipokuja chupa ataosha nani?" daktari akasema. Kisha akachukua simu, akauliza mkubwa yuko.

Waliyosemezana huko ofisini hakuna aliyeyasikia, ingawa Kang'ethe alijipatia kazi ya kuhesabu mifagio karibu na dirisha. Alichoambulia ni kwamba mkubwa aliuliza ni nani alikosea, na daktari akajibu kwamba ni herufi.

Kazi ilianza upya. Safari hii chupa ziliandikwa T na G, yaani taa na giza, na kabla ya kuziandika daktari aliwasimamisha wote wawili.

"Sema taa."

"Taa," akasema Wanjugu.

"Sema giza."

"Giza."

"Kang'ethe, sema giza."

"Giza. Daktari, mimi ni wa stoo."

"Sema tena."

Kazi yenyewe waliirudia mara tatu, Agosti, Septemba na Oktoba. Wanjugu alizimulika za T, daktari akahesabu, kisha daktari akamulika na Wanjugu akaletewa kiti cha maikroskopu ahesabu mwenyewe. Alitazama ndani ya lile tundu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Akaziona zimelala ubavu kwa ubavu, zimeshikana, nyingi hata hazina nafasi ya kugeuka. Akakaa sana.

"Unaona nini?" daktari akauliza.

"Naona Bondeni," akasema.

Mara zote tatu jibu lilikuwa moja. Chupa zilizopata taa ziliachilia kioo siku moja kabla ya zile za gizani. Daktari aliandika hivyo, kwa seli hizi na kwa kirusi hiki, na hakutaka kuandika zaidi ya hapo. Hakualikwa popote. Hakuna anayeongeza chumba kwa ajili ya taa inayomaliza wagonjwa mapema. Mashine ilifunikwa kitambaa cheusi. Mdomo wa daktari ulipona wenyewe kwa siku tisa.

Barua nayo ilikuwa imepitwa na Ijumaa yake. Daktari aliitoa kwenye droo Novemba, akakata tarehe kwa peni, akaandika nyingine. Karani akasema barua ya muhuri haikatwi. Daktari akapanda kwa mkubwa kuomba mpya. Mkubwa akauliza huyu mama sasa anaajiriwa kwa matokeo gani, maana yale mazuri yamekufa. Daktari akasema kwa matokeo haya ya pili. Mkubwa akasema atafikiri, akafikiri Desemba yote na Januari.

Barua mpya ilikuja Februari. Ilisema kazi inaanza Februari, si Agosti, na ile nusu mwaka katikati haikutajwa na mtu. Wanjugu hakuitaja pia, ila alijua ni nusu mwaka.

Karani alikuwa kijana mmoja, Kosgei, mwenye tai na wino wa rangi mbili. Alimwekea barua mbele lakini peni akabaki nayo.

"Mama, unajua kusoma?"

"Najua."

"Kila mtu anasema hivyo, halafu baadaye ananiambia hakuelewa. Soma kwa sauti."

Wanjugu akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kilikuwa Kiingereza, na alikisoma polepole, neno kwa neno, mengine akiyaelewa na mengine akiyapita kwa heshima. Mstari wa tatu akasoma "raboratori."

Kosgei akainua macho.

Wanjugu akarudisha kidole mwanzo wa neno, akakibonyeza hapo.

"Hii ni L," akasema. "Naiona. Ni ulimi tu ambao bado ni kibarua."

Akaendelea kusoma mpaka kwenye muhuri, kisha akanyoosha mkono apewe peni.